Droni inaona bahari, haioni baraza

Trela ya muvi ya mapenzi ya Kibongo siku hizi unaweza kuisimulia kabla hujaibonyeza. Droni inapaa juu ya bahari, maji yale ya kijani ya Nungwi, ngalawa moja katikati kama imewekwa na mpambaji wa harusi, inakatwa inakuja Kilimanjaro kwa mbali na wingu lake kiunoni, kiza kidogo, kinanda, sauti ya mdada inasema "kwanini umenifanyia hivi Jerry", jina la muvi, basi. Ukishuka kwenye komenti unakuta hukumu imeshatoka: hatimaye tumefika kimataifa, hii ndo Tanzania yetu, Wanaijeria wajipange. Mimi sina ugomvi na droni, bahari ni yetu na ni nzuri, aipige picha anayetaka. Ninachobishia ni hiyo hukumu. Kwasababu ukienda kuiangalia muvi yenyewe ile bahari huioni tena, imeonekana mwanzoni na pale wimbo unapopigwa, muda wote uliobaki Jerry na mwenzake wanagombana sebuleni. Ukiitoa Nungwi ukaweka Maldives, au Mombasa, au picha ya kalenda ya benki, hakuna mstari hata mmoja wa skripti utakaobadilika. Nchi haijaingia kwenye hadithi, imepita mlangoni ikasalimia.

Niseme hoja yangu mapema ili tusizungushane. Muvi ya mapenzi inakuwa ya nchi fulani siku mahali penyewe panapoanza kuamua mambo: wapenzi wanaonana wapi, saa ngapi, nani anawaona, nani akiwaona ni msala, wakigombana nani anarudi kwao na kwa usafiri gani na huko kwao ni kilomita ngapi. Hayo kwangu ndo mandhari. Mlima uliopo nyuma ya kichwa cha stelingi ni pambo, na pambo halina kosa, ila lisipewe sifa ya kazi ambayo halijafanya.

Ili kuelewa kwanini tunaishangilia droni kiasi hiki inabidi ukumbuke tulikotoka, na tulikotoka ni sebuleni. Kizazi cha waigizaji kina Kanumba, Ray na Johari kililelewa na maigizo ya kundi la Kaole yaliyokuwa yanarushwa ITV, kikahamia kwenye muvi za kanda na baadaye diski, soko likawa Kariakoo. Msambazaji anataka kazi haraka, anataka iwe pati wani na pati tuu ili auze mara mbili, na pesa iliyopo inatosha kamera, nauli, wali wa waigizaji na nyumba ya kuazima. Kwahiyo hesabu ikawa rahisi, ukipata nyumba moja nzuri ya Mbezi Beach yenye geti, ngazi ya ndani na makochi makubwa kwa siku chache unamaliza nusu ya muvi. Barabarani hupigi, maana ukisimamisha tu kamera Sinza watoto wanajaa, mmoja anapunga mkono, na muuza miwa anataka kujua kivuli chake kinalipwa shingapi. Nyumbani kwetu tulikuwa tunaangalia familia nzima na mdogo wangu alifikia hatua ya kuzijua nyumba kwa mapazia, "hii ni ile ya yule aliyepewa sumu", na kweli bwana, pazia lile lile la dhahabu, marehemu wa muvi iliyopita saivi ni mama mkwe. Tulicheka sana, ila hakuna aliyeinuka kwenda kulala.

Sasa ile sebule haikuwa suala la bajeti peke yake, ilibadilisha na mapenzi yenyewe. Ndani ya geti hakuna jirani. Hakuna wa kukuona, kwahiyo hakuna cha kuficha, kwahiyo siri inabidi itengenezwe kwa nguvu: simu imesahaulika mezani, shoga ana wivu, mama mkwe kaenda kwa mganga, mume karudi ghafla kutoka safari. Ukiangalia vizuri karibu matatizo yote ya mapenzi ya muvi za zama zile ni matatizo ya watu wanaoishi peke yao kwenye jumba, wakati wengi wetu tuliokuwa tunaziangalia tulikaa kwenye nyumba ya wapangaji sita, korido moja katikati, jiko, choo na bafu uani. Kwenye nyumba ya hivyo mapenzi yana sheria zake. Redio ikiongezwa sauti saa nne usiku kila mtu anaelewa kwanini. Mtu akitoka na ndoo ya maji kuelekea bafuni saa kumi na moja alfajiri nyumba nzima imeshajua, na yule mama wa chumba cha mbele atamsalimia kwa kuvuta sauti kidogo, "za kuamkaaa", na hiyo salamu peke yake ni sini nzima, mwandishi hana haja ya kuhangaika. Mgeni wa kiume akija mara ya tatu anaulizwa kwa utani kama atachangia umeme wa Luku, na utani ule sio utani. Kuna kichekesho pale, kuna tishio, kuna huruma, na kukodi korido ile kwa siku nne ni rahisi kuliko kukodi ngazi ya Mbezi.

Mtu akitaka mfano wa muvi ambayo mahali ndo pameishika usukani, tunayo ya kwetu, na wengi tumesikia sifa zake kuliko tulivyoiangalia. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyoonyeshwa Toronto Septemba 2021 na mwaka uliofuata Tanzania ikaipeleka kugombea Oscar, ya pili tu baada ya Maangamizi iliyopelekwa 2001. Imetoka kwenye riwaya ya Adam Shafi, ambayo waliosoma Kiswahili kidato cha tano na sita wameikariri kwa ajili ya mtihani, dhamira, ujumbe, migogoro, mpaka wakasahau kwamba ni hadithi ya watu waliopendana. Unguja ya miaka ya 1950, Mwingereza bado yupo, Yasmin binti wa Kihindi anaozeshwa kwa bwana wa rika la baba yake, anamkimbia, anaangukia kwa Mwajuma, na huko anakutana na Denge ambaye usiku wake ni wa siasa na makaratasi yaliyopigwa marufuku. Ukiisimulia hivyo inaweza kutokea popote pale, Cairo, Bombay, Lagos. Lakini Mwajuma anakaa Ng'ambo, na Ng'ambo kwa mtu wa Unguja ni zaidi ya jina la mtaa. Ni ng'ambo ya ule mkono wa bahari uliokuwa unautenga Mji Mkongwe na upande wa pili, huku majumba ya mawe na wenye nacho, kule nyumba za udongo na makuti na watu waliokuwa wanavuka asubuhi kuja kuwatumikia wenye nacho. Mkono ule ulishafukiwa zamani, saivi ni barabara, unaivuka kwa dakika moja ukipata mwanya kati ya daladala mbili. Yasmin akivuka pale kwa macho ya watu wake hajahama mtaa, amehama rangi, amehama tabaka, ameiacha na heshima yote aliyowekewa na ukoo wake, na ni mwendo wa hatua mia chache tu. Hakuna dayalojia inayoweza kubeba mzigo huo. Mpeleke Yasmin huyo huyo kwenye jumba lenye geti uone kama kuna hadithi iliyobaki.

Na ndani ya Mji Mkongwe wenyewe vichochoro navyo vina kazi yake. Watu wakiviona kwenye picha wanasema vinapendeza, sawa, ila jaribu kuvitazama kwa jicho la kijana anayemfuata mpenzi wake. Kichochoro chembamba kiasi kwamba mkipishana mmoja anageuza bega, kwahiyo kukutana na mtu ukajifanya hujamuona haiwezekani. Pembeni kuna baraza la mawe, jioni wazee wamekaa, kahawa inapita, na kupita bila kusalimia ni utovu wa adabu. Ukipita mara ya kwanza unaamkia, unaitikiwa marahaba, vizuri. Ukipita mara ya pili ndani ya nusu saa mzee mmoja atakuuliza kwa upole kabisa, "mwanangu, unatafuta nyumba ya nani?", na hapo umekwisha, maana kabla ya isha swali hilo litakuwa limeshafika kwa baba wa mtu. Juu kuna madirisha ya vibao vya mbao, anayekuona wewe humuoni. Halafu kuna buibui, kila mtu anajua limewekwa kwa stara, lakini kwenye mji ambao watu wanajuana kwa mwendo, vazi linalowafanya wanawake wote wafanane linafungua na mlango mwingine ambao shehe hakuukusudia. Mji ule ule unaokuchungulia unakupa na pa kujificha, mwandishi wa mapenzi anataka nini zaidi? Na kanga ipo kusema yasiyosemeka, mtu anapita mlangoni kwako kajitanda Japo Sipati Tamaa Sikati, hajafungua mdomo, na wewe umeshapata jibu la barua uliyokuwa unaogopa kuiandika. Ipaishe droni juu ya haya yote uone itarudi na nini: mabati yenye kutu, na bahari.

Kuna hoja ya upande wa pili ambayo ni nzito na sitaki kuipita kimyakimya. Sinema za Wahindi. Bibi zetu walijaa kumbi za Majestic kule Zanzibar na Avalon hapa Dar, kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, watu walikuwa wanaimba nyimbo za Raj Kapoor bila kujua neno moja linamaanisha nini. Mwanahistoria Laura Fair aliwahoji watazamaji wa zama zile na ameandika jinsi sinema za Kihindi za miaka ya 1950 na 1960 zilivyowapa vijana wa Zanzibar namna ya kuzungumzia ndoa za kuchaguliwa na mapenzi ya kujichagulia, kwahiyo tusijifanye tunamfundisha Mhindi mapenzi. Na Mhindi huyo huyo ndo bingwa wa mandhari ya kuazima. Mwongozaji Yash Chopra amewapeleka wapenzi Uswisi mara nyingi mpaka Waswisi wenyewe wamemsimamishia sanamu Interlaken, na Kashmir ilipochafuka mwishoni mwa miaka ya 1980 safari za Uswisi zikazidi. Mtu wa Delhi ana uhusiano gani na milima ya Alps? Sari ya hariri kwenye barafu ni kichekesho, na bado dunia ililia. Basi pambo linauza, tuache kubana pua.

Nakubali linauza. Ila tuangalie linauza nini. Chukua Dilwale Dulhania Le Jayenge ya 1995, aliyoitengeneza mtoto wake Yash, Aditya. Simran anakaa London lakini baba yake kamuahidi zamani kwa kijana wa Punjab ambaye binti hamjui, anamuomba baba mwezi mmoja tu azunguke Ulaya kwa treni kabla ya ndoa, na Uswisi ndo moyo unaangukia kwa Raj. Kwanini Uswisi? Kwasababu Uswisi hakuna shangazi. Theluji ile ni mahali ambapo binti hana wa kumuona wala wa kumsemea, na muvi inajua hivyo, ndo maana nusu ya pili inawarudisha Punjab kwenye mashamba ya haradali, uani kwa baba, katikati ya mama wadogo na makapu ya harusi, na Raj anagoma kumtorosha, anataka akabidhiwe na baba mwenyewe. Uswisi ni ruhusa ya mwezi mmoja, Punjab ndo deni linalosubiri. Sehemu zote mbili zinafanya kazi na ukiitoa moja nyingine inaanguka. Sisi tumeiga theluji tukamwacha baba. Tumechukua ufukwe na gauni jeupe, hatukuuliza hawa wawili wamefikaje ufukweni Jumanne mchana, wamemuaga nani, na nauli katoa nani.

Maprodyuza wana hoja yao na sio ya kubeza. Wanasema anayekaa chumba kimoja hataki kulipia aone chumba kimoja, anataka aone ngazi ya ndani. Kanumba hakupata ule umaarufu kwa bahati, alipofariki Aprili 2012 Dar ilisimama, na huwezi kusimamisha mji kwa kuwauzia watu kitu wasichokitaka. Mimi nachosema ni kwamba hiyo ngazi inapendeza zaidi kama kwanza tumemuona mtu akitoka kwenye korido, tukajua anaacha nini na nani atamcheka akirudi. Na soko lenyewe limeshaanza kujibu, angalia vichekesho na tamthilia fupi zinazopigwa na vijana kwa simu, uani, nguo kwenye kamba, bata anapita katikati ya sini, hakuna aliyewapa bajeti na watu wanaangalia mpaka bando linaisha. Wengine watakuambia uhalisia ni umaskini wa kuwauzia wazungu wa matamasha. Zipo muvi za hivyo, mtoto, jalala, nzi, tunazijua. Lakini mtu anayegombania zamu ya kununua umeme na mpangaji mwenzake hajisikii maskini, anajisikia ameonewa, na hiyo ni hisia tofauti kabisa.

Hoja dhaifu kuliko zote ndo inayopigiwa makofi zaidi majukwaani, kwamba muvi zetu za mapenzi zisaidie kutangaza vivutio. Tangu filamu ya Royal Tour ya 2022, Rais Samia mwenyewe mbele ya kamera akimtembeza mwandishi wa Kimarekani Peter Greenberg, hamu hiyo imekuwa kubwa. Royal Tour yenyewe siilaumu, ile ilikuwa kazi ya kutangaza nchi na ilijitambulisha hivyo, hakuna aliyedanganywa. Shida inaanza tunapotaka Jerry na mwenzake wafanye kazi hiyo hiyo huku wakipendana. Tangazo haliwezi kuwa na aibu. Hoteli iliyotoa vyumba vya bure haitaki kuona mume wa mtu anafumaniwa mapokezi kwake, na mwenye boti hataki mtu arushe pete ya uchumba baharini akiwa ndani ya boti lake lenye namba ya simu ubavuni. Ukiondoa fumanizi, umbea, deni, mkwe na nauli, kwenye mapenzi umebakiza wimbo. Halafu hata kwa mtalii mwenyewe hesabu haikai, picha ya Serengeti anayo tayari, kaipata bure kwenye simu yake, na wanaokwenda Uswisi kwa ajili ya sinema za Kihindi hawafuati mlima, milima ipo kwao Himalaya tena mirefu zaidi, wanafuata pale Raj alipokaa. Kwahiyo ukitaka utalii inabidi uanze na hadithi, tukarudi pale pale. Na kuna kitu kingine kinanikera zaidi ya hivyo, ni jinsi tunavyojipiga picha kwa macho ya mgeni. Wapenzi wa Kitanzania ndani ya muvi ya Kitanzania wanatembea Zanzibar na kofia pana za ukili wakishangaa mlango wa kuchonga, hawasalimii mtu, hawana shangazi Michenzani, hawaulizi bei ya pweza. Wametua jana.

Kuhusu gharama na vibali nawapa watengenezaji haki yao, nusu nzima. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ni Namba 4 ya mwaka 1976, kibali lazima, ukivuka maji Zanzibar wana mamlaka yao na taratibu zao, ukitaka hifadhini kuna ada, mtaani kuna mtendaji, na kabla ya mtendaji kuna mjumbe. Mtu mwenye kamera moja na waigizaji wanaolipwa nauli lazima akimbilie ndani afunge geti. Lakini droni ya kupiga ile bahari nayo inataka kibali, na wanakihangaikia wanakipata, maana yake pale wanapoona umuhimu nguvu zinapatikana.

Na nchi hii ina hadithi ambazo haziwezi kutokea kwingine, zimekaa tu. Serikali imehamia Dodoma, wafanyakazi wamehamishwa, wake na waume wamebaki Dar na watoto wa shule, miaka inapita watu wanaishi ndoa kwa simu na basi la usiku. Halafu 2024 treni ya umeme ikaanza, mwendo wa kutwa nzima umekuwa kama masaa matatu na nusu. Jiulize hiyo imefanya nini kwenye ndoa za watu. Mwanaume aliyekuwa na sababu nzuri ya kutorudi wikiendi, "mke wangu nimechoka na barabara ile", sababu imekufa. Mwanamke anaweza kupanda asubuhi bila kuaga, saa sita yuko mlangoni Dodoma kabeba hotipoti. Reli imefanya alichoshindwa mshenga, na sijaona muvi hata moja iliyomkalisha mtu kwenye siti ile akihesabu, Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere, Morogoro, akifikiria atakuta viatu vya nani mlangoni.

Au nenda ziwani, makambi ya dagaa ya Ukerewe. Dagaa wanavuliwa kwa taa, zamani karabai, saivi taa za sola na betri, na taa inawavuta usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa taa haina nguvu, mitumbwi inapumzika siku kadhaa, wanaume wako nchi kavu na pesa ya giza iko mfukoni. Kwahiyo kambini mbalamwezi ndo msimu wa mapenzi na ndo msimu wa ngumi, na giza ndo msimu wa kulala peke yako ukisikiliza upepo. Washairi wetu wamesifia mwezi karne na karne, kule mwezi ni ratiba. Trela za Mwanza zinatuonyesha Jiwe la Bismarck machweo, basi.

Na ule mlima, kwa vile ndo unapendwa zaidi na droni, nao una muvi yake. Desemba Wachaga wanapanda kwenda kwao mlimani, nauli inapanda nao, watu wa mikoa mingine tunatania wanaenda kuhesabiwa. Kijana wa Kimachame yuko na mdada wa Kizaramo mwaka wa tatu, na Desemba ndo mtihani, atapanda naye au atamuaga stendi ya Magufuli na kumwambia tutaongea nikifika? Akipanda naye, huko juu hakuna Kilimanjaro ya kalenda, ukiwa juu yake huuoni, unaona migomba, ukungu, udongo mwekundu kwenye viatu vyeupe vya mtu aliyedhani anaenda matembezi. Kuna kihamba, shamba la ukoo, kuna makaburi ya mababu mita chache kutoka jikoni, kuna mtori umewekwa mbele yake na mashangazi watano wanaangalia anavyoshika kijiko. Na akikosea, au kijana akikosea, kuna jani la isale, ambalo Mchaga akiletewa kuombwa msamaha ni mtihani mkubwa kulikataa. Yaani mila imeshaandika sini ya kilele cha muvi, prop yake imeota kwenye mpaka wa shamba, ni ya bure. Sisi tumempiga mdada huyu picha amesimama kwenye uwanja wa golfu mlima ukiwa nyuma.

Michango ya harusi sitaifungua sana maana ni makala nyingine, lakini nchi ambayo mapenzi ya watu wawili yanakuwa grupu la WhatsApp la watu 180, lina mwenyekiti, mweka hazina na orodha ya walioahidi na hawajatoa, halafu wiki mbili kabla ya siku yenyewe bibi harusi anataka kughairi, nchi hiyo ikose skripti? Mwenyekiti wa kamati atasema nini kwa walioshatoa? Ukumbi umelipiwa advansi, mpishi kachukua nusu yake. Hapo mtu anaoa kwasababu ya risiti.

Maana yake kwa wanaoandika ni kwamba lokesheni iingie kwenye skripti siku ya kwanza, kabla ya majina ya wahusika, na swali lake lisiwe wapi panapendeza, liwe wapi panabana. Kwa wanaotoa pesa, iwe ni wizara au benki au mwenye chaneli, wakiletewa mradi wa mapenzi waufanyie jaribio dogo: tukiuhamishia mkoa mwingine nini kinaharibika? Kama jibu ni hakuna, basi mpeni huyo bwana pesa ya tangazo na muiite tangazo. Na kwa wanaotoa vibali, kama pana haraka ya kumruhusu mtu apige tembo kuwe na haraka hiyo hiyo akitaka kupiga stendi, soko au kivuko.

Kivuko nakitaja kwa makusudi. Pantoni ya Magogoni kwenda Kigamboni, nauli yake kwa mtembea kwa miguu ilikaa shilingi 200 miaka mingi, daraja lilifunguliwa 2016 na bado watu wanajaa. Maji ni membamba pale, ukishaondoka umeshakaribia kufika. Nimewahi kusimama nyuma ya watu wawili, mdada kavaa sare ya hospitali, jamaa kashika kofia ya bodaboda, na ni wazi walikuwa wamepanga kuachana au kurudiana, mojawapo, na muda waliokuwa nao ni huo tu kwasababu ng'ambo ile kuna mtu wa mmoja wao. Hawakuangaliana, waliangalia maji. Baiskeli ya samaki iliwatenganisha kidogo, wakasogeleana tena. Mdada akasema kitu, jamaa akauliza "nini?" kwasababu ya injini, mdada akatikisa kichwa hakurudia. Mlango wa chuma ukaanza kushuka, watu wakaanza kusukumana kuwahi daladala, na kofia ya bodaboda ikapotea upande wa kushoto.